Kabla hujamnyang'anya mwanao kitabu cha "uchawi", soma cha pili

Riwaya za ajabu wanazozipenda vijana siku hizi, zenye majini, viumbe warukao na watoto wenye nguvu za siri, huja kwa mfululizo: cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mzazi huona neno "mchawi" kwenye jalada la kile cha kwanza, akakinyang'anya, na mambo yakaishia hapo. Mimi nasema mfululizo wa namna hii hauhukumiwi kwa kitabu cha kwanza.

Nachukua mfano wa vitabu vya Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Cha kwanza, Akata Witch, kilitoka 2011. Cha pili, Akata Warrior, kilitoka 2017, na cha tatu, Akata Woman, mwaka 2022. Mnunuzi awe macho, kwani shirika la Cassava Republic la Nigeria lilivitoa viwili vya mwanzo kwa majina mengine: What Sunny Saw in the Flames, na Sunny and the Mysteries of Osisi. Ukikuta majina hayo kwa muuza vitabu vya mitumba, usidhani ni hadithi mpya.

Mhusika mkuu ni Sunny, msichana mwenye ualbino, aliyezaliwa New York na sasa anaishi Aba, Nigeria. Shuleni anachekwa kwa rangi yake. Katika kitabu cha kwanza anagundua kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, jamii ya siri yenye elimu ya juju. Pamoja na rafiki zake Orlu, Chichi na Sasha, anapambana na muuaji wa watoto, na wanamshinda. Kitabu kikiishia hapo, kijana anaweza kubaki na wazo moja tu: nguvu ni kitu kitamu.

Kitabu cha pili kinaleta hesabu. Kaka yake Sunny anaingia matatani na genge la siri chuoni, anapigwa vibaya. Sunny, kwa mapenzi ya ndugu yake, anavunja sheria ya jamii yake ili amwokoe. Ungetarajia asifiwe. Badala yake anaitwa mbele ya wakubwa, anahukumiwa, anafungiwa chini ya maktaba pamoja na jini. Nia yake ilikuwa njema, lakini adhabu haikumpita. Baadaye anatenganishwa hata na nafsi yake ya kiroho, na inambidi ajifunze kuishi na jeraha hilo. Katika kitabu cha tatu, buibui mkubwa Udide anadai kitu chake kilichoibwa, na watoto ndio wanaotumwa kukirudisha.

Naandika haya nikiwa Masimba, Masaba Kusini, kaunti ya Kisii, ambako kazi imenileta kutoka Mombasa. Huku neno uchawi si mchezo wa vitabuni. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hii hii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kudaiwa kuwa wachawi. Sisi wa Pwani hatuna la kuwacheka Wakisii. Kilifi wazee wetu wameuawa kwa tuhuma hizo hizo, mara nyingi nyuma yake kukiwa na ugomvi wa shamba, na Kaya Godoma kule Ganze imekuwa makimbilio ya wale walionusurika.

Kwa hiyo naelewa mzazi anayesita. Lakini linganisha kesi hizi mbili. Kwa Sunny kuna sheria inayojulikana, kuna kosa alilotenda mwenyewe, anasikilizwa, kisha anaadhibiwa yeye peke yake. Kwa bibi wa Marani au Ganze kulikuwa na uvumi, mvi na umati. Kijana aliyesoma cha pili kwa makini atauliza swali ambalo umati hauulizi: ushahidi uko wapi, na nani kamsikiliza? Tena atakuwa amekaa kurasa mia kadhaa na msichana anayetengwa kwa sababu ya ngozi yake. Kwetu Afrika Mashariki, ambako watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao, hilo si jambo dogo.

Ushauri wangu ni huu. Kwa mtoto wa miaka 12 kwenda juu, vitabu hivi vinafaa, lakini mzazi avisome naye, kwa sababu mna vitisho ndani yake. Akipata cha pili bila cha kwanza, asizuiwe. Msimulie mwanzo kwa dakika tano, kama bibi zetu walivyokuwa wakimdokezea mtoto aliyechelewa hadithi. Bei ikikushinda, fikeni maktaba ya umma mkaulizie. Kisii mjini ipo, na Mombasa ipo.

Na akimaliza, usimuulize nani alishinda. Muulize Sunny alilipa nini, na kama ilikuwa haki.