Shule Inapofurika: Kuhama Si Dawa ya Kila Msongamano

Mji unapokua kwa kasi, nyumba hutangulia, barabara hufuata, na shule huja mwisho. Hapo ndipo chumba cha darasa kilichojengwa kwa ajili ya watoto arobaini hulazimika kupokea themanini, na pengine mia na zaidi. Watoto hubanana watano katika dawati la watu watatu, na mwalimu hupoteza nusu ya somo akituliza kelele. Katika hali hiyo husikika pendekezo ambalo kwa sikio la kwanza huonekana jepesi, nalo ni kuihamishia shule mahali penye nafasi. Pendekezo hilo lahitaji kuchunguzwa kwa makini kabla halijaungwa mkono au kukataliwa.

Mtaa wa Kigobe, ulioko kaskazini mwa Bujumbura katika tarafa ya Ntahangwa, ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Kigobe ni mtaa uliopimwa, wenye viwanja vipana na barabara zilizonyooka. Humo limo Jumba la Mikutano ambamo Baraza la Taifa la Burundi limefanyia vikao vyake kwa miaka mingi. Lakini mtaa huo hauko peke yake. Tarafa ya Ntahangwa ilipoundwa mwaka 2014, tarafa kumi na tatu za jiji zilipounganishwa kuwa tatu, ilikusanya pamoja Gihosha, Ngagara, Kamenge, Kinama, Cibitoke na Buterere. Hivyo basi, ndani ya mpaka mmoja wa utawala zinakaa nyumba zenye bustani na vitongoji ambavyo ukuta wa jirani mmoja ndio ukuta wa jirani wa pili. Anayeitazama ramani huweza kudhani kwamba penye uwazi ndipo pa kupeleka shule. Anayetembea asubuhi na kuwaona watoto wanakotoka hupata fikra nyingine.

Msongamano huu una sababu zinazojulikana. Sensa ya mwaka 1990 ilihesabu jijini Bujumbura watu wapatao 235,000. Sensa ya mwaka 2008 ilihesabu watu 497,166. Kwa muda wa miaka kumi na minane, tena yenye vita na watu kukimbia makwao, jiji lilizidi maradufu. Katikati ya mabadiliko hayo, mwaka 2005, Serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto waliokuwa wakibaki nyumbani kwa umaskini wakamiminika shuleni. Kisha mwaka 2013 ukaanzishwa mfumo wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na shule zilizokuwa na madarasa sita zikatakiwa kupokea la saba, la nane na la tisa. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na nia njema, lakini kila moja ilidai vyumba ambavyo havikuwapo.

Burundi haikuwa pekee katika jambo hili. Uganda ilipoondoa karo mwaka 1997, wanafunzi wa msingi walipanda kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika mwaka mmoja. Kenya ilipofanya vivyo hivyo mwaka 2003, idadi ilipanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Popote mlango wa shule ulipofunguliwa, watoto waliingia kwa wingi kuliko kuta zilivyoweza kuwapokea.

Serikali inayokabiliwa na hali hiyo ina njia tatu kubwa. Njia ya kwanza ni zamu: kundi moja husoma asubuhi na jingine mchana katika vyumba vile vile. Burundi iliitumia sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kwa njia hiyo watoto wengi waliandikishwa kwa gharama ndogo. Ila kila mtoto hupungukiwa saa za masomo, na mwalimu anayefundisha zamu zote mbili huchoka kabla jua halijatua. Njia ya pili ni kuigawa shule, yaani kujenga shule nyingine ndani ya uwanja ule ule au jirani yake, yenye mwalimu mkuu wake na vyoo vyake. Jijini Dar es Salaam njia hii imetumika mara nyingi katika vitongoji vyenye watu wengi. Njia ya tatu ndiyo hiyo ya kuhamisha.

Ichukuliwe kama mfano shule yenye wanafunzi 1,800 na vyumba 15. Kila chumba kina watoto 120. Ikihamishiwa kwenye majengo mapya yenye vyumba 20, kilomita nne kutoka ilipokuwa, hesabu ya karatasini yasema kila chumba kitakuwa na watoto 90, na kwa hiyo hali imepata nafuu. Lakini watoto 600 walio wadogo, au ambao wazazi wao hawana nauli, hawawezi kuifuata shule huko. Wataandikishwa katika shule ya jirani iliyobaki, ambayo tayari ina watoto 1,200 katika vyumba 12. Hiyo nayo itapanda kutoka watoto 100 kwa chumba hadi 150. Msongamano haukuondoka, umehama nyumba tu. Lakini kama majengo mapya yangalijengwa na yale ya zamani yakabaki yakitumika, vyumba vingekuwa 35 kwa wanafunzi wale wale 1,800, na kila chumba kingekuwa na watoto wasiofika 52. Fedha za kujengea vyumba ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna chumba kilichotupwa.

Kutokana na mfano huo yapatikana kanuni ya kwanza: shule hupimwa kwa mahali watoto wanapolala, si kwa mahali kiwanja kinapopatikana kwa urahisi. Mtoto wa miaka saba hatembei kama askari aliye katika mazoezi. Umbali ukizidi, huanza kwa kuchelewa, kisha hukosa siku moja moja, na mwisho huacha. Wa kwanza kuacha huwa ni wadogo, wasichana, na watoto wa maskini, ambao ndio walioondolewa karo ili waingie.

Kanuni ya pili yahusu kiwanja kinachoachwa. Ardhi ya shule iliyo katikati ya mji ina thamani kubwa, na wenye kuitamani hawakosekani. Huko Kampala, mwaka 2006, ardhi ya Chuo cha Ualimu cha Shimoni na shule yake ya mazoezi, katika kilima cha Nakasero, ilitolewa kwa mwekezaji ili ijengwe hoteli ya kupokea wageni wa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola uliopangwa kufanyika Novemba 2007. Chuo kilipelekwa Kira, nje ya jiji. Mkutano ulifanyika na kumalizika, hoteli ikiwa haijajengwa, na kiwanja hicho kilibaki kitupu kwa miaka mingi. Hapo sababu ya kuhama haikuwa wingi wa wanafunzi, lakini funzo lake lafaa kila mahali: kabla shule haijaondoka, hati ya kiwanja kipya iwe mkononi, majengo yawe yamekwisha, na matumizi ya kiwanja cha zamani yajulikane na wananchi wote.

Kanuni ya tatu yahusu usalama wa mahali papya. Katika Bujumbura ardhi tupu huenda imeachwa tupu kwa sababu nzuri. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilisababisha mafuriko katika vitongoji vya kaskazini mwa jiji. Nyumba nyingi zilianguka na watu zaidi ya 60 walikufa, wengi wao wakiwa watoto. Kingo za mto Ntahangwa nazo zimekuwa zikimomonyoka na kutishia nyumba zilizo juu yake. Kuwatoa watoto katika chumba kilichojaa na kuwapeleka katika njia ya maji ni kuruka mkojo na kukanyaga mavi, kama wasemavyo wahenga.

Mambo haya yanawahusu wanajeshi na askari polisi kwa namna ya pekee. Kwanza, askari ni mzazi anayehamishwa. Amri ya uhamisho haisubiri mwisho wa mwaka wa masomo, na mtoto wake hufika katika shule mpya wakati madawati yamekwisha kujaa. Shule iliyofurika hukosa nafasi ya kumpokea mgeni, na mgeni huyo mara nyingi ni mtoto wa kambini. Pili, siku shule inapohama, watoto mia kadhaa hubadili njia kwa asubuhi moja. Huvuka barabara kubwa wasizozizoea, zenye malori na pikipiki. Askari wa usalama barabarani aliyepewa habari mapema huweza kusimama penye kivuko. Asiyepewa habari huitwa baada ya ajali.

Tatu, uhamisho wa shule huzua malalamiko. Wazazi hukusanyika, huuliza, na pengine hupaza sauti. Mzazi anayeuliza mwanawe atasomea wapi si adui wa amani, na askari mwenye nidhamu hutambua tofauti baina ya swali na fujo. Njia bora ya kuzuia fujo ni wahusika kuwaeleza wazazi mapema: shule inahama lini, inakwenda wapi, nani atabaki, na watoto wadogo watafikaje.

Yapo mazingira ambamo kuhama ni lazima. Jengo linalotishiwa na korongo halina mjadala, na shule iliyozungukwa na soko hadi mwalimu hasikiki yaweza kufaidika ikiondoka. Lakini wingi wa watoto, peke yake, ni hoja ya kuongeza shule, wala si hoja ya kuiondoa iliyopo. Kwa Kigobe na vitongoji vinavyoizunguka, anayetaka kujua la kufanya na aanze kwa kuhesabu watoto mtaa kwa mtaa, kisha ahesabu vyumba, kisha apime umbali kwa hatua za mtoto. Ramani na bajeti zifuate baada ya hapo.