Kuhamia Dodoma na Familia (2): Mtaa Uchaguliwe kwa Siku ya Mtoto

Makala iliyopita ilihusu gharama za kuhamisha familia kutoka Dar es Salaam. Leo tunaingia kwenye uamuzi ambao wengi huufanya kwa siku mbili na kuishi nao kwa miaka: familia ikae mtaa gani. Mtumishi akishapata barua ya uhamisho, swali lake la kwanza huwa wizara yake iko wapi, na la pili ni nyumba gani iko karibu na hapo, au iko kwenye barabara inayofika hapo bila usumbufu. Kwa mtu anayeishi peke yake hesabu hiyo inatosha. Kwa mwenye familia nasema wazi kwamba haitoshi, kwa kuwa imempa nafasi ya kwanza mtu mmoja ambaye kutwa nzima hayupo mtaani. Mtaa wa familia uchaguliwe kwa kufuata siku ya wale wanaobaki: watoto wanaokwenda shule kwa miguu, mama au baba anayeendesha biashara ndogo nyumbani, bibi aliyekuja kusaidia kulea. Safari ya ofisini ipimwe baada ya hapo.

Sababu ya kwanza ni historia ya ofisi zenyewe. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia Dodoma, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia kabla ya mwezi wa Oktoba mwaka huohuo. Wizara hazikuwa na majengo yake, hivyo kadhaa zilianza kazi kwenye majengo ya kuazima, mengine yakiwa ya Chuo Kikuu cha Dodoma. Kufikia Aprili 2019 ofisi za awamu ya kwanza za Mji wa Serikali zilikuwa zimezinduliwa Mtumba, yapata kilomita 17 mashariki ya katikati ya jiji, kwenye barabara ya kwenda Dar es Salaam. Aliyepanga nyumba mwaka 2017 ili awe jirani na ofisi yake ya chuoni alijikuta, ndani ya miaka miwili tu, anaamka mapema kama aliyepanga mtaa wa mbali. Ongeza na hili: mtumishi wa umma huhamishwa, huteuliwa kwingine, huenda masomoni. Ofisi ndicho kitu kinachobadilika kuliko vyote katika maisha ya familia hiyo, na si busara kuwafunga watoto kwenye kitu kisichotulia.

Shule ni kinyume chake. Mtoto anayeanza darasa la kwanza atatoka nyumbani kwenda shule kila siku ya juma hadi amalize kidato cha nne, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mtaa ndio unaomchagulia shule. Tangu sekondari za kata zilipoenea nchini katika miaka ya 2000, mtoto anayefaulu darasa la saba kwa kawaida hupangiwa sekondari ya kutwa iliyo jirani na alikosoma. Anayechagua kata ya kuishi amechagua pia, ajue asijue, sekondari ambayo mtoto wake huenda akaisoma. Kwa hiyo ziara ya kutafuta nyumba ianzie kwa mwalimu mkuu. Uhamisho wa mwanafunzi huhitaji shule inayompokea ithibitishe kwamba ina nafasi, na katika jiji ambalo idadi ya watu ilipanda kutoka 410,956 katika sensa ya 2012 hadi 765,179 katika sensa ya 2022, nafasi si jambo la kudhania. Ukishaipata, tembea kwa miguu kutoka nyumba unayoitaka hadi lango la shule, saa kumi na mbili asubuhi, mwendo wa mtoto wa miaka saba. Hapo ndipo utakapojua kama kuna barabara kuu ya kuvuka, kama bodaboda hupita kwenye njia hiyo ya miguu, kama kuna pori kati ya nyumba na shule.

Wazo hili si geni kwa Dodoma. TANU ilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa, na mpango kabambe wa kwanza wa mji ukakamilika mwaka 1976, ukiwa umechorwa na kampuni ya wataalamu wa Kanada. Mpango ule uliugawa mji katika jamii za makazi, kila moja ikiwa na shule na maduka yake kwa umbali wa kutembea, na ukawapa waenda kwa miguu na mabasi nafasi ya mbele kuliko magari binafsi. Si yote yaliyojengwa kama yalivyochorwa. Hata hivyo kipimo chake kilikuwa sahihi, na baba au mama anayetafuta nyumba leo anaweza kukitumia bila kuwa mtaalamu wa mipango miji: je, shule, soko, zahanati na kituo cha daladala vinafikika bila kupanda chombo?

Kuna kitu kingine ambacho mgeni kutoka pwani hukikosea mara nyingi, nacho ni majira. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni mikavu kabisa. Watu wengi huja kutafuta nyumba kati ya Agosti na Oktoba ili watoto waanze shule mpya Januari. Maana yake ni kwamba mtaa unakaguliwa wakati ardhi imekauka na upepo unarusha vumbi, kisha familia inaingia mvua zikiwa katikati. Lile korongo lililoonekana kama njia pana ya mchanga mweupe, ambamo watoto walikuwa wakicheza mpira, ni njia ya maji. Nkuhungu na maeneo mengine ya tambarare yamewahi kukaa ndani ya maji baada ya mvua kubwa. Lakini hata katika kiangazi maji yaliyopita huacha ushahidi kwa mwenye subira ya kuangalia: mstari wa tope uliokaukia ukutani chini ya dirisha, vizingiti vya milango vilivyoinuliwa kwa matofali mawili matatu, mifuko ya mchanga iliyosahauliwa nyuma ya nyumba, takataka za plastiki zilizonasa kwenye matawi ya uzio wa minyaa kwa urefu wa goti. Tazama pia udongo. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, kuta nazo hupasuka, na njia ya kwenda shule hugeuka utelezi usiopitika kwa viatu. Haya yote dalali hatakuonyesha. Yeye hulipwa kodi ya mwezi mmoja mteja akikubali nyumba, basi hukuchukua saa sita mchana, jua likiwaka, mnafika na gari hadi mlangoni.

Maji ya bomba nayo yanataka swali lake. Kwa miongo mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora upande wa kaskazini, na ingawa vimeongezwa visima vingine, vikiwamo vya Nzuguni, mahitaji yameendelea kuupita uzalishaji. Matokeo yake ni mgao, na mgao haufanani mtaa kwa mtaa. Usimuulize mwenye nyumba kama maji yapo, kwa sababu atakuonyesha bomba. Muulize jirani yanatoka siku zipi, saa ngapi, na yasipotoka wananunua kwa nani. Ukiona kila nyumba ina tangi kubwa juu ya mnara na boza linapita mara kwa mara, umeshajibiwa, na gharama hiyo iingie kwenye hesabu ya kodi.

Pingamizi la kwanza ni la fedha, nalo ni zito. Watu husema, mitaa yenye shule, maji na lami ni ghali, na mshahara unaishia kwenye viwanja vya pembezoni, kule Nala, Mkonze au Ihumwa, ambako huduma zitafuata baadaye. Ni kweli kwamba huduma hufuata watu. Ila zinafuata kwa mwendo wake, na hakuna mji unaolijua hilo kuliko Dodoma: kati ya uamuzi wa 1973 na tangazo la 2016 ilipita miaka 43. Huduma zikichelewa miaka minane tu, mtoto aliyefika akiwa darasa la kwanza atakuwa ameshaingia sekondari. Kiwanja kinaweza kusubiri, mtoto hawezi. Ndiyo maana ningeshauri mambo haya mawili yatenganishwe. Nunua kiwanja pembezoni ukiweza, kikiwa kimepimwa na kumbukumbu zake zimekaguliwa ofisi ya ardhi, kwa kuwa migogoro ya viwanja Dodoma si siri. Lakini panga nyumba ndogo karibu na shule hadi kule kutakapokalika. Tena mtu akijumlisha nauli za watoto, maji ya boza na bodaboda ya kwenda sokoni, mara nyingi ile nyumba ya bei rahisi huacha kuwa rahisi.

Pingamizi la pili ni la basi la shule: mtoto akichukuliwa mlangoni, umbali una ubaya gani? Ubaya wake ni usingizi. Basi linalozunguka mitaa sita humchukua mtoto wa kwanza gizani na kumrudisha wa mwisho magharibi, na huyo wa mwisho huwa ndiye anayekaa mbali. Mtoto huyo hana saa ya kucheza na hajui majina ya watoto wa jirani. Msaada wa kwanza mjini ni jirani, hasa kwa familia iliyoacha mashangazi na wajomba Dar es Salaam au Tanga.

Wengine watasema namtesa mtafutaji, aliye kwenye foleni asubuhi na jioni. Sikatai kwamba anachoka. Lakini kilomita 17 za lami ni safari ya mtu mzima anayelipwa kuifanya, na inapunguzwa kwa gari la ofisi, kwa daladala, au kwa kuchangia gari na wenzake. Kilomita tatu za mtoto kwenye tope hazina wa kuzipunguza. Kwa hoja hiyohiyo nisingeidharau mitaa ya zamani kama Chang'ombe kwa sababu tu nyumba zake zimebanana. Ina soko, watu wanajuana, na familia nyingi zingeishi vizuri zaidi huko kuliko kwenye jumba jipya lililozungukwa na viwanja vitupu.

Basi kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, rudi mtaani mara mbili bila dalali: mara moja alfajiri watoto wanapokwenda shule, mara moja jioni watu wanaporudi. Ongea na mwalimu mkuu, mtendaji wa mtaa na mama anayeuza mboga kando ya njia. Makala ijayo itaeleza jinsi ya kukagua kumbukumbu za kiwanja kabla ya kutoa malipo ya kwanza.