Samaki wa Nakivale wanaanzia Mbarara

Mvuvi wa Ziwa Nakivale, nchini Uganda, hutega nyavu zake alfajiri, lakini sehemu kubwa ya riziki yake huwa imeshaamuliwa mbali na ziwa. Mto Rwizi huanzia kwenye vilima vya Buhweju, hupita Mbarara ambako wakazi wa jiji hunywa maji yake, kisha huteremkia Isingiro kwenye msururu wa vinamasi na maziwa madogo, Nakivale likiwemo.

Kando ya ziwa hilo kuna makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda. Leo wapo Wakongomani, Warundi, Wasomali na wengine, zaidi ya watu 100,000. Mgawo wa chakula ukipunguzwa, samaki ndio kitoweo kinachookoa jahazi.

Ngege ndiye anayependwa zaidi, na ndiye mwenye masharti magumu. Dume huchimba kiota mfano wa sahani kwenye mchanga wa maji ya kina kifupi. Jike hutaga hapo, kisha huyakusanya mayai mdomoni na kuyatunza mpaka yaanguliwe. Tope likifunika mchanga huo, uzazi umeharibika. Kamongo hajali: ana mapafu, hupanda juu kuvuta hewa, na ukame ukizidi hujifukia topeni.

Si Nakivale tu ambako hatima ya samaki huamuliwa juu ya mto. Huko Marekani, chini ya bwawa la Glen Canyon kwenye mto Colorado, kwa miaka mingi maji yalitolewa kutoka kilindini yakiwa baridi. Trauti, samaki wa kuletwa, wakanawiri. Samaki wa asili waliozoea maji ya vuguvugu wakadhoofika. Mjenzi wa bwawa ndiye aliyeamua mvuvi apate nini.

Rwizi, kwa upande wake, unategemea mafunjo ya vinamasini. Vinamasi huzuia mafuriko, huchuja udongo na kuachia maji polepole wakati wa kiangazi. Mafunjo yakifyekwa ili watu walime, wachunge ng'ombe, wafyatue matofali au wachimbe mchanga, mvua husomba udongo moja kwa moja hadi ziwani, na kiangazi mto husinyaa. Ardhioevu ya maziwa ya Mburo na Nakivale iliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, lakini orodha haizuii jembe.

Kupiga vita nyavu za matundu madogo ni haki, maana zinamaliza samaki wachanga. Ila mkaguzi anayepima tundu la wavu Nakivale anahitaji mwenzake Mbarara, wa kupima umbali kati ya shamba na ukingo wa mto.