Kupendwa mno kulivyokwamisha ukarabati wa JUnit

JUnit ni programu huria inayowasaidia waandishi wa programu za Java kuzipima kazi zao kabla hazijafika kwa wateja. Katika programu ya benki, kwa mfano, huuliza: shilingi 500 zikitolewa katika 2,000, je, zimebaki 1,500?

Iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1997 na Kent Beck na Erich Gamma wakiwa safarini kwa ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta.

Toleo la nne, la mwaka 2006, lilikuwa furushi moja. Watengenezaji wa zana nyingine walizoea kupenya hadi sehemu zake za ndani, zisizokusudiwa kuguswa na wageni. Hata kubadili jina la kitu kidogo humo kungeweza kuharibu zana za watu wengi. Wasimamizi wake, waliokuwa wakijitolea, wakawa wamefungwa mikono.

Mwaka 2015 walichangisha zaidi ya Euro 50,000 kwa njia ya intaneti, na toleo la tano likatoka Septemba 2017. Sehemu ya kuandikia majaribio ilitengwa na ile ya kuyaendesha, ambayo ndiyo iliyofunguliwa rasmi kwa zana za nje. Iliongezwa pia injini iitwayo Vintage, ili majaribio ya zamani yaendelee kufanya kazi bila kuandikwa upya.

Toleo la sita, lililotolewa Septemba 2025, linahitaji Java 17 au mpya zaidi. Vintage ingalimo, lakini watumiaji wametahadharishwa kuwa ni ya muda tu, wakati wanahamisha majaribio yao.