Kwa Nini Kata Hufutika Halmashauri Inapobadilishwa kwenye Fomu ya Kompyuta

Mwananchi anayefika dirisha la huduma kuomba leseni ya biashara humwona karani akichagua mkoa, kisha wilaya, halmashauri, kata na mwisho kijiji. Wengi hukereka karani anaporekebisha kosa moja la juu na visanduku vyote vya chini vikafutika, wakaulizwa upya kata waliyokwisha kuitaja. Kufutika huko si hitilafu.

Visanduku hivyo havijitegemei. Kila kimoja hupokea orodha yake kutoka kwa kilichokitangulia. Ukichaguliwa Mkoa wa Mwanza, zitaonekana wilaya zake saba tu. Wilaya ya Sengerema nayo ina halmashauri mbili, Sengerema na Buchosa, tangu Buchosa ilipopewa halmashauri yake mwaka 2015, na hapo ndipo watu wengi huchanganya.

Tuseme mfanyabiashara wa dagaa ameandikiwa Buchosa, kata ya Maisome, kumbe ghala lake liko Chifunfu. Karani anarudi juu na kuchagua Sengerema. Iwapo neno Maisome litabaki chini yake, fomu itataja mahali pasipokuwepo: kata ya halmashauri moja ndani ya halmashauri nyingine. Afisa biashara hataliona ghala hilo katika orodha ya kata yake, na mwenye leseni atashindwa kuitetea siku ya ukaguzi. Ndiyo maana programu iliyoandikwa kwa uangalifu huifuta kata papo hapo, na hukifunga kisanduku cha kijiji hadi kata mpya ichaguliwe.

Vipo pia visanduku vinavyotegemeana pande zote mbili, kama vile kilo na magunia. Kila badiliko likichukuliwa kuwa maandishi mapya ya karani, viwili hivyo vitaamshana bila kukoma, mithili ya watu wawili mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake atangulie. Waandishi wa programu huhifadhi kiasi mahali pamoja tu, tuseme kwa kilo, na magunia yakakokotolewa kutoka hapo.

Kabla karani hajabonyeza kitufe cha kutuma, mwombe akuonyeshe skrini, nawe usome kuanzia mkoa hadi kijiji. Fomu ikiwa bado wazi, kusahihisha ni kazi ya dakika moja. Ankara ikishatoka, huenda ukalazimika kurudi siku nyingine, na kwa mtu wa visiwani hiyo ni nauli ya pili ya kivuko.