Machipukizi, Kisamvu na Kusafisha Mwili: Sumu Huondolewa Wapi?



Siku hizi maneno "kuondoa sumu mwilini" yanasikika kila mahali: sokoni, redioni, kwenye makundi ya simu, na hata katika mazungumzo baada ya Misa. Wakati wa Kwaresima yanasikika zaidi, kwa kuwa baadhi yetu huunganisha mfungo na dawa za kusafisha tumbo, damu au ini. Miongoni mwa dawa zinazosifiwa kuwa ni laini na hazina madhara ni zile zinazotokana na machipukizi ya miti. Katika makala hii tunaeleza tiba hiyo ni nini, kisha tunarudi nyumbani, huku Mkunya na uwanda wote wa Makonde, ambako kula machipukizi na kuondoa sumu ni kazi ya kila siku jikoni.

Tiba ya machipukizi ni nini?

Tiba hii ilianzishwa na Pol Henry, daktari wa Ubelgiji, katikati ya karne ya 20. Hoja yake ilikuwa kwamba chipukizi, kwa kuwa ndilo linalokua na kuzaa tawi zima, limebeba nguvu nyingi kuliko jani lililokomaa. Machipukizi mabichi huchumwa, hulowekwa kwa muda katika mchanganyiko wa maji, pombe na gliserini, kisha huchujwa. Mtumiaji hunywa matone machache kila siku. Wauzaji husema kila mti una kiungo chake: huu wa ini, ule wa figo, mwingine wa ngozi.

Wazo hili linavutia, na sisi Wakatoliki hatuna sababu ya kulidharau. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, mtawa wa karne ya 12 ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika sana juu ya mimea na juu ya ile nguvu ya ubichi ambayo Mungu ameiweka katika viumbe. Naye Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kwamba dawa hutoka ardhini kwa mapenzi ya Bwana, na mwenye busara hazikatai.

Hata hivyo, wazo zuri bado linahitaji ushahidi. Mpaka sasa hakuna utafiti wa kutosha uliofanywa kwa wagonjwa na kuthibitisha kwamba matone ya machipukizi huondoa sumu mwilini. Tena ni vema kumwuliza muuzaji swali moja jepesi: sumu ipi? Sumu ina jina, ina mlango inapoingilia na ina mahali inapotokea. Kama haijulikani ni ipi, hatuwezi kujua kama imetoka.

Kisamvu ni chipukizi

Wengi wetu tumelelewa kwa kisamvu. Kisamvu ni nini kama si machipukizi na majani machanga ya mhogo? Hapa ndipo tunapata somo ambalo wauzaji wa chupa hawatupi: uchanga wa jani haumaanishi kwamba jani hilo ni salama. Katika mhogo, majani machanga kabisa ndiyo huwa na sumu nyingi kuliko yale yaliyokomaa.

Sumu hiyo inaitwa sianidi. Katika mmea mzima haikai wazi. Imefungwa ndani ya kitu kingine, na kimeng'enya cha kuifungua kimehifadhiwa mahali pengine katika jani lilelile. Mnyama akitafuna jani, au mama akilitwanga kinuni, vitu hivyo viwili hukutana na sianidi hufunguliwa. Ikishafunguliwa hugeuka kuwa hewa kwa urahisi na kutoroka, hasa ikipata joto.

Kwa hiyo bibi zetu walipotwanga kisamvu mpaka kikalainika, wakakiacha kidogo, kisha wakakichemsha kwa muda mrefu, walikuwa wakiondoa sumu kwa njia ya uhakika. Anayekata majani vipande vikubwa na kuyatia moja kwa moja katika maji yanayochemka hukosea bila kujua. Moto huua kile kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na sumu hubaki imefungwa ndani ya mboga. Kinu kwanza, chungu baadaye. Na chungu kisifunikwe mwanzoni, ili hewa hiyo itoke.

Njaa inapofupisha njia

Kinachotupasa kulichukulia jambo hili kwa uzito ni historia ya kwetu wenyewe. Uwanda wa Makonde una shida ya maji tangu zamani, na mhogo mchungu ndio unaovumilia ukame na wanyama waharibifu. Ukitayarishwa kwa subira, mhogo huo ni chakula kizuri. Lakini njaa haina subira. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu wilayani Masasi walipata sumu kutokana na ugali wa mhogo uliotayarishwa kwa njia ya mkato iitwayo chinyanya, yaani kutwanga mhogo mbichi na kuuanika kwa muda mfupi ili unga upatikane upesi.

Miaka ya mwanzo ya 2000 katika mkoa wa Mtwara waligunduliwa wagonjwa wa konzo. Jina hili limetoka Kongo, na lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu aliyekuwa mzima jana huamka na miguu iliyokakamaa, na kilema hicho hakiponi. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, katika familia ambazo kwa wiki nyingi zimekula mhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, bila maharage, samaki wala nyama.

Tunapolisoma jambo hili tunakumbuka habari ya nabii Elisha katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Ilikuwa wakati wa njaa. Mmoja wa wanafunzi wa manabii, ambao tunaweza kuwaita waseminari wa siku zile, alikwenda porini, akachuma matunda asiyoyajua, akayakatia chunguni. Wenzake walipoonja walipiga kelele kwamba chungu kina mauti. Kijana yule alitaka kuwalisha ndugu zake. Nia yake ilikuwa njema, ila hakuujua mmea.

Ini, figo na sahani ya mboga

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili ukiwa na walinzi wake. Ini hubadilisha vitu vyenye madhara viwe rahisi kutolewa, na figo huvitoa kwa mkojo. Sianidi kidogo iliyobaki katika chakula, ini huigeuza kuwa kitu kisicho kikali kama sianidi yenyewe. Lakini kwa kazi hiyo ini linahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini tunazokula. Ndiyo sababu konzo hupiga hodi palipo na mhogo mtupu.

Basi tiba laini ya kusafisha mwili ipo mashambani mwetu: kunde, mbaazi, karanga, ufuta, pamoja na mayai na dagaa kila inapowezekana. Kisamvu cha karanga pembeni ya ugali wa mhogo si anasa. Karanga zile zinalisaidia ini kufanya kazi yake.

Kwa unga wa mhogo mchungu ipo njia nyingine rahisi, iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia. Tia unga katika bakuli na uweke alama unapoishia. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka, unene usizidi sentimita 1, uuache saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu iliyobaki hutoka hewani. Pika ugali siku hiyohiyo. Haigharimu hata shilingi moja.

Dawa za asili zitumiwe kwa busara

Hatusemi kwamba dawa za miti ni mbaya. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inazitambua, na lipo Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Tunasema zina nguvu, na chenye nguvu ya kuponya kinaweza pia kudhuru. Miaka ya 1990, hukohuko Ubelgiji, makumi ya wanawake waliharibika figo baada ya kupewa mimea ya kupunguza unene ambayo ndani yake mmea mmoja ulikuwa umewekwa badala ya mwingine. Nao walikuwa wameambiwa ni dawa ya asili.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, usinywe dawa usiyoujua mti wake na kipimo chake. Pili, mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo na mwenye ugonjwa wa ini au figo wasipewe dawa za kusafisha mwili bila kumwona daktari. Tatu, ukienda hospitali, iwe ya Ndanda, ya wilaya au zahanati ya kijiji, taja dawa zote unazokunywa, hata za miti, si aibu. Nne, usiache dawa za shinikizo la damu, kisukari, kifua kikuu au VVU kwa sababu ya chupa au kikombe chochote. Tunakumbuka mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, na wapo walioacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona.

Ninyi waseminari, kesho mtatumwa parokiani, na waamini watawauliza juu ya dawa kama wanavyowauliza juu ya sala. Msiwavunje moyo wala msiwadanganye. Waulizeni kwanza wanakula nini na mboga gani, na kama mwaka ni wa ukame, ulizeni mhogo unatayarishwaje. Mfungo wetu husafisha moyo, nao Bwana alitufundisha kwamba unajisi hutoka ndani ya moyo. Mwili nao tuutunze kwa chakula kilichotayarishwa kwa subira, na tumgawie jirani asiye na kunde wala karanga. Hiyo ni sadaka ya Kwaresima inayoweza kuokoa miguu ya mtoto.