Bidoni ya Dawa si Bidoni ya Maji

Ninyi wakulima wa bonde la Ruzizi na wa kando ya ziwa, nanyi mnaopeleka vyakula na maji migodini, sikieni.

Dawa ya kuua magugu ni sumu. Hupunguza kazi ya jembe, lakini mabaki yake hayaonekani kwa macho. Mtu huosha bidoni tupu, akatia mafuta ya mawese au maji ya kunywa. Husema: «Nitayachemsha.» Angalieni! Kipindupindu, tunachokijua sana hapa Uvira, huletwa na kijidudu chenye uhai, moto hukiua. Sumu haina uhai. Maji hupungua chunguni kwa mvuke, sumu hubaki.

Dawa iitwayo parakwati ni kali mno: funda moja laweza kuua mtu mzima, wala haina dawa ya kuitengua. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza mwaka 2007.

Basi fanyeni hivi:

1. Bidoni ikiisha, isuuzeni mara 3. Maji yale yatieni katika pampu, myanyunyize shambani. Kisha itoboeni, isichotewe maji tena.

2. Msioshe pampu mtoni. Maji ya Kalimabenge na Mulongwe hushuka mpaka ziwani, na wenzenu huyachota huko chini.

3. Kabla ya kuvuna, ngojeni siku zilizoandikwa juu ya bidoni. Asiyejua kusoma amwulize ajuaye.

Mtoto mwenye kiu hasomi maandiko. Yeye huona bidoni tu. Msimwachie sumu nyumbani.